Baraza Yangu na Kamba ya Bodi

Jumamosi, 7 Februari 1948

Nyumba yangu imetiwa rangi nyekundu leo, na aliyeitia hakuniomba ruhusa. Alama moja kubwa, kama mkasi uliofunguliwa, katikati ya baraza ya nje. Nimeitazama toka asubuhi. Nikifumba macho naiona vilevile.

Niandike kwa utaratibu. Nahodha niliyempikia safari za Bombay na Durban alikuwa akiandika kila jioni, hata siku ambayo hapakutokea kitu ila mvua. Mimi nami nina meli yangu. Ipo Kibokoni, ina ghorofa moja, mke mmoja na binti mmoja, na masufuria yangu ya pilau za arusi yamepangwa uani kama mizinga.

Mwenye rangi ni Seth, mpimaji wa Bodi ya Mji. Kijana wa bara, kaptura imepigwa pasi hata inakata, kamba ya kupimia kiunoni. Alinisalimu vizuri, sina la kumsingizia. Kisha akasema kila kilichotokeza nje ya ukuta wa nyumba kikaingia njia ya watu lazima kiondoke: baraza, ngazi, kivuli cha bati, hata kizingiti kikizidi. Bodi inataka waendao kwa miguu wapate pa kupita, na gari la zimamoto lisikwame. Nikamwambia baraza hii aliijenga babu yangu, na wakati huo Bodi ilikuwa haijatungwa mimba. Akajibu kwamba babu anamheshimu sana, lakini babu alijenga njiani. Alhamisi watakuja watu wenye mitarimbo.

Alhamisi. Na Ijumaa, baada ya alasiri, Mwalimu Abdulghafur anakuja na wazee wenzake kumposa mwanangu Sheikha, kwa ajili ya mpwa wake Kamaludin. Kijana mwema, anaandika mizigo huko Mbaraki, hana neno. Sheikha naye hajasema kitu, lakini tangu habari ije amekuwa akiimba jikoni, na hakuwa mtu wa kuimba.

Wazee wa posa hupokewa barazani. Hawapitishwi ndani kwenye wanawake, wala hawasimamishwi juani kama mahamali wangojao meli. Baraza ni uso wa nyumba. Nyumba isiyo na baraza humwambia mgeni pita zako.

Swabaha, mke wangu, akasema tuwakalishe dakani. Daka ni kile chumba kidogo baina ya mlango wa nje na mlango wa ndani, kina vibaraza viwili vya mawe vinavyotazamana. Nikamwambia Mwalimu Abdulghafur ni karani wa Kadhi, hawezi kubanwa magoti kwa magoti kama dagaa. Akasema bora kubanwa kuliko kusimama. Wanawake hawajui mambo ya ulimwengu.

Jirani yangu wa mkabala, Taib mshona kanzu, alishuhudia yote. Baraza yake ilipimwa ikapita. Babu yake alikuwa bahili, alijengea ndani ya mpaka ili asimpe mpita njia hata kivuli. Taib akamwambia sindano yake, kwa sauti ya kunifikia mimi, kwamba kuna waliorithi adabu na kuna waliorithi mawe.


Jumapili, 8 Februari

Mpango umepatikana. Hapana mwanadamu aliyekula pilau yangu akabaki na roho ngumu. Huko Durban niliwahi kumlainisha afisa wa forodha kwa sahani moja, akanibebea sanduku mwenyewe.

Nilimngojea Seth njiani atokapo kanisani. Nikamwambia mgeni ni baraka, na njaa haina dini. Akaona haya kukataa. Nikamkalisha juu ya baraza yenyewe, juu ya ile alama, ili ajue kwa makalio yake starehe anayotaka kuivunja. Mbuzi, zabibu, kachumbari, achari ya ndimu ya Swabaha. Alikula kwa utulivu mkubwa. Alinyonya mfupa. Akasema kwa Kiswahili chake cha bara, kile kinachotembea na viatu, kwamba tangu aje Mombasa hajala chakula kama hiki.

Nikaona hapa hapa. Nikamuuliza kama kweli haoni kwamba kamba yake jana ilivutwa sana.

Akafikiri. Akasema ni haki yangu kuuliza, mtu asidhulumiwe. Akanawa mikono, akaitoa kamba, akapima upya taratibu, kwa vile sasa ana nguvu. Akanieleza kwa masikitiko kwamba jana alikuwa ameilegeza. Baraza imetoka zaidi ya alivyodhani, na sehemu ya kizingiti nayo imo.

Pilau imenigharimu kizingiti.

Taib akauliza kutoka ng'ambo kama kuna ukoko uliobaki, maana ukuta bado haujapimwa.


Jumatatu, 9 Februari

Sikulala vizuri. Lakini asubuhi akili ikarudi: watu wa mitarimbo hawapimi, wao hufuata alama. Pasipo alama, watavunja nini?

Nikakoroga chokaa. Nikajipaka mimi, nikaipaka na baraza. Wapitao waliniuliza kulikoni, nikasema tunakaribia furaha. Swabaha akachungulia dirishani akasema rangi ya mafuta haifichwi kwa chokaa mbichi. Nikamwambia nimepaka meli nzima huko Karachi. (Nilishika ndoo. Lakini meli ilipakwa.)

Mpaka adhuhuri nyekundu ilikuwa imepanda juu. Nikapaka tena. Ikapanda tena, sasa imeenea. Nikasugua kwa kumbi la nazi na mafuta ya taa. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Baraza yote, kutoka pembe hadi pembe, imekuwa rangi ya waridi. Iliyopauka katikati, iliyokolea kandoni. Inaonekana hata na mtu aliye mwisho wa ujia.

Taib akaacha kushona, akavuka, akaizunguka mikono nyuma. Akasema mashallah. Akasema Athmani, kwa kawaida huanza kupambwa bibi arusi, wewe umeanza na mawe.

Nimemjibu jambo zito lakini nimelisahau.


Jumanne, 10 Februari

Kahindi alikuja, fundi wangu wa mawe kutoka bara ya Kisauni. Akagonga hapa, akagonga pale. Akasema kuna njia ya halali: kuikata baraza mpaka usawa wa ukuta, kisha kuchimba ndani ya ukuta na kutengeneza pa kukaa humo. Kazi ya siku mbili tatu. Nikamwambia mtu mzima hakai ndani ya ukuta kama mjusi. Akasema sawa mzee, mimi nilitaja tu. Akanywa chai akaenda zake.

Sheikha ameacha kuimba.

Nilimkuta jikoni akipepeta mchele uliokwisha pepetwa. Nikamuuliza ana nini. Akasema hana kitu, baba. Baadaye mama yake akaniambia chemba kwamba mtoto amesikia wanawake kisimani wakisema Mwalimu Abdulghafur alikwishawahi kurudi na posa yake kutoka nyumba moja ya Kuze, kwa kuwa mwenye nyumba alimpokea kwa maneno mengi na adabu chache. Swabaha akasema posa hii ikirudi, yeye atarudi kwa kaka zake Mbaraki, na Sheikha atakwenda naye, na mimi nitabaki na baraza yangu ya waridi nikaizalie watoto.

Sikuweza kumeza chakula cha jioni. Na kilikuwa samaki wa kupaka. Nilikula kidogo tu, mara mbili.

Lakini msikitini, baada ya isha, Mungu akanifungulia. Wazee walikuwa wakizungumzia kisima kimoja cha Mkanyageni. Kisima kipo katikati ya njia, kila mkokoteni unakizunguka, na hakuna Bodi wala serikali iliyokigusa. Nikauliza kwa nini. Wakasema ni wakfu. Aliyekuwa nacho alikitoa kwa ajili ya Mungu, basi hakiuzwi, hakirithiwi, hakivunjwi.

Nikarudi nyumbani nimenyooka. Nani atavunja kitu cha Mungu?


Jumatano, 11 Februari

Nimefanya. Na nimefanya vizuri, kama nifanyavyo mambo yote.

Baada ya alasiri nilisimama mlangoni mwa msikiti kabla watu hawajavaa viatu. Nikasema ndugu zangu nishuhudieni. Nilikuwa nimepanga kusema baraza yangu. Lakini nilipoona nyuso zote zimenielekea, na Taib yuko mbele kanikazia macho, nikaona baraza moja ni kitu kidogo, ni sadaka ya mtu mwoga. Nikasema: baraza za nyumba yangu, zote, nimezitoa wakfu kwa Waislamu na kila mpita njia aliyechoka, wakae bila kuinuliwa, mpaka siku ya kiyama.

Watu wakasema allahu akbar. Mzee mmoja alinibusu bega. Hata Taib alinishika mkono akanambia yeye atakuwa shahidi wa kwanza, na neno hilo hatalisahau maisha yake. Nikaona nimemdhania vibaya huyu mtu.

Kufika nyumbani baraza ilikwisha jaa.

Mchukuzi wa maji ametua madebe yake, amejilaza. Mvuvi mmoja wa Liwatoni na tenga lake, wanatoa harufu ileile. Muuza kahawa ametua dele lake, birika lake la kahawa, kwenye pembe yangu, ile ninayokaa mimi. Na Taib yupo, na cherehani lake. Amelivusha kwa msaada wa watu wawili. Akanieleza kwamba kwake jua la mchana humpiga usoni, na kwangu kuna kivuli, na miaka yote hii alikuwa akikitamani ila kuniambia alikuwa akiona haya.

Nikauliza nami nikae wapi. Wakasogea. Nikapata pa upande mmoja wa mwili.

Haidhuru. Kesho Seth atakuja akute watu wa Mungu juu ya kitu cha Mungu. Nitamtazama tu. Ijumaa nitawaomba hawa kwa hisani yao watupishe saa moja. Mimi ndiye niliyewapa, watanikatalia vipi?


Alhamisi, 12 Februari

Seth alikuja na watu wanne na mitarimbo. Nikamweleza habari ya wakfu, kwa ufasaha, nikaingiza na Kiarabu. Akavua kofia. Akasema kwamba kwao pia kuna vitu havivunjwi, basi anakwenda kuuliza. Akaenda ofisini kwa miguu, akarudi kwa miguu, jasho linamtiririka. Nikamwona usoni kabla hajafika. Akasema wakubwa wake wameuliza watu wa dini, na hao wamejibu kwamba mtu hutoa wakfu kilicho chake. Baraza hii imekaa juu ya njia, na njia si yangu. Nimetoa sadaka mali ya watu.

Seth aliwangojea waliokaa barazani mpaka wote wakamaliza kahawa. Hilo nalisema kwa haki. Kisha wakapiga. Mawe ya babu yalitoka mazima mazima, magumu, yanang'ang'ania. Mwenye mtarimbo mmoja alisema waliojenga hii hawakuwa na mchezo. Nilisikia fahari na uchungu pamoja, sijui kipi kilitangulia. Vumbi la waridi likatanda ujia mzima. Sheikha alikuwa dirishani, kisha hakuwapo.

Nikajipa moyo. Daka lipo. Swabaha alisema daka tangu mwanzo, na mimi si mtu wa kukataa shauri jema likija wakati wake. Wazee watabanana kidogo. Nikafagia vumbi, nikageuka niingie.

Taib yumo dakani. Na cherehani.

Mvuvi yuko kibaraza cha pili, amekwisha vua viatu. Mchukuzi wa maji kando yake. Nikawauliza, kwa upole, wanafanya nini ndani ya nyumba ya mtu. Taib akasema nilitoa baraza za nyumba yangu, zote. Ya nje haikuwa yangu, imekwenda. Hizi mbili za ndani ni zangu kabisa kabisa, hata Bodi inakubali, basi zimetimia kuwa wakfu. Akasema shahidi ni yeye, na msikiti mzima. Kisha akaniuliza kama naweza kuwasha taa, anatunga sindano.

Nikapaza sauti. Nikasema watoke. Wakasema tusigombane, kesho anakuja Mwalimu Abdulghafur, karani wa Kadhi, hakuna ajuaye wakfu kumshinda. Yeye atasema.

Ndiyo. Kesho. Mwalimu atakuja kumposa binti yangu, atanikuta niko mahakamani mlangoni kwangu.

Swabaha ameanza kukunja nguo zake. Anazikunja polepole ili nione.


Ijumaa, 13 Februari

Nimerudi kukaa. Nimekunywa maji. Naandika.

Walikuja baada ya alasiri, Mwalimu na wazee wawili, kanzu nyeupe, bakora, harufu ya udi ikiwatangulia. Walisimama juu ya kifusi cha waridi. Ndani ya daka: Taib anakanyaga cherehani, mchukuzi wa maji anatafuna mhogo, na mvuvi amelala kinywa wazi, tenga tumboni.

Nikawaambia wale inukeni, wageni wamefika. Taib akasema mtu hamwinui mwenzake alipokaa ili akae yeye, hiyo ni adabu tuliyofundishwa chuoni. Mwalimu akasikia. Akasema kweli, ndivyo tulivyofundishwa. Akauliza kuna habari gani.

Taib akasimamisha cherehani. Akayasema maneno yangu yote ya mlangoni mwa msikiti, moja baada ya moja, hata pale nilipokohoa. Mwalimu alisikiliza ameinamia bakora. Kisha akasema ya nje haikuwa wakfu, kwa sababu haikuwa yangu. Ya ndani ni yangu. Limebaki jambo moja tu, nalo liko moyoni mwangu.

Akaniuliza mbele ya wote, kwa upole: Athmani, uliposema zote, ulikusudia na hizi? Kama ulikusudia ile ya nje peke yake, niambie tu. Hizi zitarudi kuwa zako, na hawa watainuka sasa hivi.

Mlango ulifunguka mbele yangu. Neno moja, daka ni langu, Taib nje, wageni wakae, kahawa ije. Nikafungua kinywa.

Na hapo nikaona. Nikisema ile ya nje peke yake, maana yake nilimtolea Mungu kitu kilichokuwa kinavunjwa kesho yake. Mwalimu atafahamu. Wote watafahamu. Taib alikwisha fahamu tangu Jumatano, ndiyo maana alikuwa akinitazama hivyo, sindano hewani. Na mtu wa namna hiyo, nani atachukua binti kwake?

Nikisema na hizi, basi nitamwona Taib kila niingiapo na kila nitokapo, mpaka parapanda.

Nyuma ya pazia la mlango wa ndani kulikuwa na mlio mdogo wa bangili. Sheikha alikuwa amebeba sinia ya vikombe. Ule mlio ukanyamaza.

Nikasema: na hizi, Mwalimu. Zote.

Sauti ilitoka ndogo, kama ya kuku aliyekanyagwa. Taib alishusha sindano. Nadhani hakutegemea. Nami sikutegemea.

Mwalimu akavua makubadhi, akapanda dakani, akamwambia Taib sogea kidogo, mwanangu. Akakaa baina ya Taib na ukuta, magoti kwa magoti, kama dagaa. Wazee wenzake wakajipenyeza upande wa mvuvi. Mwalimu akasema amezunguka nyumba nyingi za mji huu, na kila mwenye nyumba humwonyesha mlango wake ulivyochongwa. Leo ni mara ya kwanza kumwona mtu aliyeutoa mlango wake kwa watu. Akasema aliyetoa hiki hatamnyima Kamaludin adabu wala hatamtesa kwa masharti. Ndipo akaleta posa.

Desturi ni kujibu kwamba tumesikia, tutazungumza na jamaa, mtapata habari. Mimi nilijibu naam kabla hajamaliza sentensi. Swabaha alikohoa nyuma ya pazia kunizuia, akakohoa tena, nikamjibu naam na yeye.

Mvuvi akazindukia kelele. Akauliza nani kafa. Wakamwambia hakufa mtu, anaposwa binti wa nyumba. Akasema amina, akaendelea kusema amina kwa kila kilichosemwa, hata Mwalimu alipoomba sukari.

Halua ilitosha. Taib alichukua kipande chenye lozi nyingi.

Jioni Swabaha alizikunjua nguo zake na kuzirudisha sandukuni. Sheikha aliniletea maji ya kunawa miguu, kazi ambayo hajaifanya tangu akiwa mdogo. Nami nilitazama upande mwingine, vumbi lilikuwa bado jingi.


Jumamosi, 14 Februari

Mji mzima unanipongeza. Nimewaeleza kwamba nilikuwa nimeyapanga yote tangu ile alama nyekundu. Bodi nikaipa mawe, Mungu nikampa daka, binti nikampatia mume. Haya ni mambo ya mtu aliyetembea.

Upo usumbufu mdogo. Daka limejaa toka alfajiri. Ili niingie kwangu nawatolea salamu watu wasiopungua kumi, kila mmoja na hali yake na hali ya watoto wake. Nikitoka naanza upya.

Kubwa zaidi ni hili: wanawake wamefungiwa. Swabaha hawezi kupita katikati ya wanaume wale. Bi Tumu, somo wa Sheikha, alikuja mchana kuanza kumfunda mtoto mambo ya ndoa. Akafika mlangoni, akaikuta miguu ya Taib imetandazwa njiani, akajifunika buibui vizuri, akarudi. Akatuma neno kwamba nyumba isiyompitisha somo haitampitisha bibi arusi.

Nilimwomba Taib akunje miguu. Akaikunja. Ya mvuvi ikanyooka.

Arusi ni kabla ya mwezi huu kwisha, na wanawake wa Kibokoni nzima wataingilia wapi? Swabaha amesimama juu yangu sasa hivi. Anangoja niache kuandika, nifikiri.


Jumatatu, 16 Februari

Nimekwisha fikiri.

Kahindi ametoboa mlango wa nyuma, wa wanawake, unaotokea uchochoroni. Kazi safi. Kwa kuwa sakafu yetu iko juu na uchochoro uko chini, lazima pawe na ngazi. Kahindi alisema tuzijenge kwa ndani. Nikamwambia zitakula jiko la Swabaha, na jiko la mwanamke haliliwi. Basi zinatoka nje. Nimezipanua kidogo, maana Bi Tumu ni mtu mnene na arusi ina masinia. Na pembeni nimeongeza kibaraza, wanawake wapate pa kupumua kabla ya kuingia. Nimemkataza mtu yeyote asitaje neno wakfu karibu nacho. Tumetumia mawe ya babu, hayana mfano.

Kahindi alipima kwa mkono baina ya ngazi na ukuta wa ng'ambo. Akasema mtu atapita ubavu. Nikasema hiyo ndiyo njia nzuri ya kupita, mtu anapunguza haraka.

Akaniuliza vipi kuhusu Seth.

Nikacheka. Huyu Kahindi hanijui. Nikamweleza kwamba zile za mbele zilikuwa baraza za wanaume, ndilo lililokuwa kosa lenyewe. Hizi ni ngazi za wanawake. Seth ni mtu wa adabu, nimemlisha kwa mkono wangu. Hawezi kuzipima.